Siku Baba Alipokagua Gari la Mbotela

Baba alikuwa fundi wa bodi za magari kwa zaidi ya miaka thelathini, katika gereji ya mabati kando ya Barabara ya Jogoo. Kazi yake ilikuwa kunyoosha vyuma vilivyokunjika, kukata vilivyooza na kuchomelea vipya. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yakampotea, yakabaki machache: ndiyo, hapana, maji, na jina langu, ambalo hulitamka nusu.

Nilimleta kuishi nami mtaani Tassia, ghorofa ya tatu. Mama alikuwa ameshafariki, nami ni mtoto wake wa pekee. Ninauza rangi na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, na kila nikirudi jioni nilimkuta palepale nilipomwacha, kwenye kiti cha dirishani, akitazama nguo za majirani zikikauka. Miezi minane ilipita hivyo. Daktari alisema tumshukuru Mungu, wengine hawainuki kabisa. Nilishukuru, lakini bado nilirudi nyumbani kwa mguu mzito.

Ndipo mteja mmoja wa dukani akaniambia kuna mjane mtaani Mbotela anauza gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili, la Kijapani. Nililijua gari la aina hiyo. Nilipokuwa msichana, moja lililetwa gerejini kwa baba likiwa limegongwa ubavuni, akalitengeneza kwa wiki tatu, na jioni aliniweka kwenye kiti cha dereva nishike usukani. Sikuwahi kumwona akiishika kazi kwa upole namna ile. Mimi nilikuwa nikiweka akiba ninunue gari la kumpeleka hospitali. Nikajiambia, kwa nini lisiwe hili? Tutaliegesha pale chini, atakuwa akishuka kila siku, atengeneze hiki na kile. Atapata kazi ya mikono. Nilisema mikono, kana kwamba nimesahau.

Nilipomweleza aliniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo." Asubuhi ya Jumamosi nilimvalisha koti lake la kazi, nikatia kwenye mkoba bisibisi na sumaku yake ya zamani ya gerejini. Ngazi zilituchukua karibu nusu saa. Tukapanda teksi mpaka Mbotela.

Mjane alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, anayeuza madira na vitenge kwa jumla. Eda yake ilikuwa imeisha wiki iliyotangulia. Alitupokea mlangoni, akamletea baba kiti kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibu, mzee wangu. Pumzika kwanza, gari halitoroki."

Gari lilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya kibanda. Pembeni yake alisimama mwana wa yule mama, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, dereva wa lori. Gari lilikuwa limepigwa rangi upya na liling'aa. Nililipenda papo hapo, na nadhani ilionekana usoni.

"Niaje, madam," mwanawe akaniambia. "Hii ndai haina stori. Bodi iko poa kabisa."

Baba hakukaa. Alilizunguka gari mara moja, akiburuta mguu, bila kuligusa. Kisha akaniachia fimbo, akaegemea gari kwa bega, akaanza kuligonga kwa vifundo vya mkono wa kushoto. Boneti, madigadi, mlango. Chuma kilijibu kila mahali kwa mlio mwembamba, safi. Nikaanza kutabasamu. Akashuka mpaka kwenye ukingo wa chini ya mlango wa dereva, akagonga, na mlio ukafa. Ulikuwa kama kugonga ukuta wa udongo.

Akanyoosha kiganja. Nikamwekea sumaku. Alipoibandika mlangoni ilishika. Alipoibandika kwenye ule ukingo ilianguka mavumbini. Hapo chini ya rangi hapakuwa na chuma, palikuwa na filla, ule uji mzito ambao mafundi hupaka kuziba mashimo, nao hukauka ukawa mgumu. Nikiwa mtoto niliukoroga mara nyingi kwenye kipande cha kadibodi.

"Kila gari ya zamani iko na filla kidogo," mwanawe akasema.

Baba akaashiria ndani, chini ya miguu ya dereva. Hakuweza kupiga magoti, kwa hiyo nilipiga mimi. Niliinua zulia, harufu ya unyevu ikanipiga. Sakafu ilikuwa imepakwa lami nyeusi, mpya. Nilimtazama baba. Akaitikia kwa kichwa kunihimiza, nikaisukuma bisibisi taratibu, wala sikutumia nguvu. Ilipenya. Nilipoichomoa, kutu ikaja nayo kwa magamba, na kupitia tundu niliona kokoto za chini ya kibanda.

Tukakagua na kwingine. Kwenye buti, chini ya gurudumu la akiba, maji yalikuwa yametuama. Ndani ya madigadi za nyuma, pale shoki za kupunguza mtikisiko zinapokazwa, chuma kilikuwa kimevimba na kupasuka matabaka. Kila mahali baba aligonga, nikachokoa, tukakuta yaleyale. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote.

"Mzee," akamuuliza baba, "linaweza kuua mtu?"

Baba akasema, "Ndiyo."

Yule mama akamgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. "Uliniambia unalipaka rangi kwa heshima ya baba yako."

"Mathe, kila mtu hufanya hivyo. Nani atanunua akiona mashimo?"

"Huyu dada angempandisha baba yake humu. Ulijua?"

Mwanawe alilitazama lile tundu sakafuni. Nilitaka kumwambia maneno makali, na nilikuwa nimeshayapanga, lakini baba alimwita kwa kidole. Akaja. Baba akamshika mkono, akaukunja ngumi, akaugongesha kwenye paa la gari. Mlio safi. Akaushusha mpaka ukingoni, akaugongesha tena. Kimya. Alirudia mara tatu, kama alivyokuwa akiwafundisha vijana gerejini, mpaka yule mwanamume akasema kwa sauti ndogo, "Nimeskia, mzee."

Na baba alikuwa na sababu ya kutomkaripia. Alishawahi kunisimulia kwamba miaka ya mwanzo naye alifunika kutu za watu, kwa sababu wateja walitaka hivyo na tajiri wa gereji alitaka hivyo. Hakuniambia aliacha lini, wala kilichomfanya aache.

Mtu mwenye akili angeaga hapo. Mimi sikuaga. Nilikuwa nimelishika lile gari moyoni kwa wiki nzima.

"Baba, tulichukue tu," nikasema. "Hatutaliendesha. Utalitengeneza polepole. Umeshatengeneza mabovu kuliko hili."

"Hapana."

"Mimi nitakuwa nakushikia vifaa. Wewe utanielekeza."

"Hapana."

"Sasa unataka ukae dirishani mpaka lini?"

Nilisema hivyo mbele ya watu tusiowajua. Baba hakukasirika. Alitumia mkono wa kushoto kuushika wa kulia kwenye kifundo, akauinua mpaka usawa wa kifua, akanitazama ahakikishe ninaona. Kisha akauachilia. Ulianguka, ukagonga paja lake, ukaning'inia.

Nilikwenda uani kwenye mfereji, nikafungua maji, nikajifanya naosha kutu vidoleni. Nililia bila sauti. Nilikuwa nimemburuta mzee ngazi za ghorofa tatu nimwonyeshe kazi asiyoweza kuifanya tena, na nikaita hiyo zawadi.

Yule mama akanifuata. Alifunga mfereji, akanipa ncha ya leso yake nijifute.

"Mume wangu mwaka wake wa mwisho hakuweza kuendesha," akasema. "Miguu ilikataa. Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa namtoa ndani, namketisha kwenye lile gari, ashike usukani kidogo. Nilidhani namfariji. Siku moja akaniambia, tafadhali, usinilete tena hapa."

"Ukaacha?"

"Sikuacha. Nilidhani ni hasira za ugonjwa. Ijumaa iliyofuata nikamleta tena. Alikaa. Hakushika kitu. Alikuwa ananingoja tu nimalize."

Tulisimama pale mpaka nilipoweza kupumua sawasawa. Tuliporudi tulimkuta baba ameketi kwenye kile kiti, na mwana wa yule mama amechuchumaa mbele yake, akimfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea. Yule mama akaleta chai ya tangawizi na mahamri. Hatukuzungumza habari za gari tena. Alimuuliza baba kuhusu gereji, naye akajibu kwa ndiyo na hapana, na mimi nikajaza yaliyobaki.

Baada ya wiki kadhaa mwana wa yule mama alinipigia simu. Walikuwa wamepata mtu wa Makadara aliyehitaji injini na viti tu. "Nilimuinulia kapeti mwenyewe," akaniambia. "Nikamwonyesha mashimo yote." Kisha akauliza kama mzee yuko salama. Nikamwambia yuko salama.

Nilihamisha vitu vyetu hadi chumba cha chini katika jengo lilelile, ili baba aweze kutoka nje bila kunisubiri. Siku hizi huketi kando ya geti, na watu humsalimu. Hafanyi kazi yoyote, nami nimeacha kumtafutia.

Lakini lile neno la dirishani liliendelea kunisumbua. Jumapili moja, tukila, nilimuuliza kama siku ile Mbotela nilimuumiza. Aliweka kijiko chini. Alifikiri muda mrefu, midomo ikihangaika kutafuta, mpaka nikataka kumwambia aache. Kisha akapata neno ambalo sikuwa nimelisikia kutoka kwake tangu augue.

"Kidogo," akasema, akachukua kijiko, akaendelea kula.