Wasichana Walioandikwa kwa Penseli

Saa moja na robo asubuhi, Jabangun Simorangkir amesimama dirishani anautukana ukungu.

"Ondoka, mwanaharamu, ondoka," anasema kwa sauti ya chini, maana ofisi ya wachungaji iko mlango wa pili. "Jana ulinila saa nzima. Leo nihurumie."

Ukungu wa bonde la Silindung haumhurumii mtu. Unaondoka unapotaka wenyewe. Ukishaondoka, jua linaingia chumba cha nyaraka kwa upande, linakaa mezani kama saa moja na nusu, kisha linapanda juu ya paa la kanisa na kazi imekwisha mpaka kesho. Katika muda huo Jabangun huliinamisha daftari kuelekea mwanga, na maandishi ya penseli ya miaka tisini iliyopita yanajitokeza kidogo, kijivu, yakasomeka. Muda mwingine wote ni karatasi tupu ya kahawia.

Ana miaka hamsini na tisa, na hapa Tarutung, kaskazini mwa Sumatra, Indonesia, wote wanamwita Baba Tiur. Kazi yake ni kutunza na kutengeneza karatasi kuukuu za kanisa, kwa mshahara wa rupia milioni moja na laki nne kwa mwezi.

"Fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara ananizidi," anasema. "Kila akiniona ananiuliza, 'Baba Tiur, leo umemfufua nani?'"

Aliowafufua ni watu wa familia ya Hutajulu, vizazi vitatu vya walimu na wachungaji. Mwalimu Kenan alianzisha shule ya kwanza kijijini kwao. Mwanawe, Mchungaji Kilian, aliiendesha kwa miaka ishirini na saba. Mjukuu, Mwalimu Theofilus, ndiye aliyezileta karatasi zao hapa: barua, mahubiri, vitabu vya ubatizo na madaftari ya shule, kurasa elfu sita na mia tatu na arobaini.

"Zilikuja kwenye magunia manne ya mbolea na mkebe mmoja wa biskuti," anakumbuka. "Mende walikuwa wengi kuliko karatasi."

Kwa miaka kumi na tisa amezipangusa moja moja kwa brashi laini. Matundu ameyaziba kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga anayoipika mwenyewe nyumbani, kwenye sufuria ambayo mkewe alishakata tamaa ya kuidai. Ili kuua wadudu, alikuwa akizigandisha fungu kwa fungu kwenye friza la muuza samaki sokoni, na mpaka leo kuna mahubiri ya Pasaka yanayonuka samaki.

Ijumaa hii karatasi zote hizo zinazikwa.

Zinazikwa kweli, kaburini, na saruji juu. Ukoo wa Hutajulu unafukua mifupa ya Mchungaji Kilian, iliyolala tangu mwaka 1958, ili kuiosha na kuipandisha kwenye mnara mpya wa ghorofa tatu unaoonekana kutoka barabara kuu. Kamati ya ukoo imeamua kwamba karatasi zake ziingie pamoja naye ndani ya sanduku la zinki. Eti ni heshima. Mimi nimekaa bondeni huku miaka kumi na minne, nimekula nyama ya shughuli hizi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na siku zote nilikuwa nikizipenda. Hii imenikaa kooni.

Mtu atauliza: si akatae? Hawezi. Mkewe, Lamria, ni binti wa Mwalimu Theofilus na mjukuu wa Mchungaji Kilian, na kwa Wabatak, kabila lao, watu wa ukweni ni Mungu anayeonekana. Baraka ya shamba na ya watoto inatoka kwao. Hubishani nao, hata anayesema akiwa mdogo wako kwa miaka minane.

"Ningekuwa nimeoa kwingine, ningewafungia mlango wakagonga mpaka wachoke," anasema Baba Tiur.

Kanisa lingeweza kukataa kwa niaba yake. Mkuu wake wa kazi alikuwa tayari, akaomba kitu kimoja tu: hati ya makabidhiano, yenye sahihi ya Mwalimu Theofilus, kuonyesha kwamba karatasi zilitolewa kwa kanisa. Baba Tiur akainamisha kichwa. Haipo, na mzee mwenyewe alishafariki.

"Baba mkwe alilibeba gunia la kwanza begani mwenyewe, mzee wa miaka sabini na nne," anaeleza. "Akalitua hapo mlangoni akaniambia, 'Mkwe wangu, nitunzie.' Sasa mimi nimwambie nini? 'Baba, tia sahihi hapa'? Baba mkwe hadaiwi sahihi! Ni sawa na kumwambia usoni kwamba humwamini."

Anachezea kifuniko cha kopo la gundi.

"Kila mwaka naletewa vijana wa kufundisha. Siku ya kwanza nawaambia, kitu kisicho na hati hakipo. Mimi ndiye ninayesema hivyo, jamani. Mimi!"

Barua na mahubiri yameokoka kwa kiasi fulani, kwa sababu binti yake Tiur ameyapiga picha kwa simu. Wino unaonekana vizuri. Kilichogoma ni madaftari ya wanafunzi. Wavulana waliandikwa kwa wino, wasichana kwa penseli, kwa kuwa msichana aliweza kutolewa shule wakati wowote akaolewe, na jina lake lilitakiwa kufutwa ili nafasi ipewe mwingine. Amri ilikuwa hiyo. Mchungaji Kilian hakufuta hata mmoja. Simu ikipiga picha hizo kurasa, inatoa uchafu tu, na ndiyo maana Baba Tiur ananakili kwa mkono, akilisubiri jua.

Wasichana ni elfu mbili mia moja na kumi na nne. Mbele ya kila jina mchungaji aliandika neno moja mawili. Tionggur: anasoma bila kufuata kwa kidole, ametolewa Machi. Sannaria: anauliza kwa nini. Pintauli: amerudi akiwa na mtoto mgongoni, nimempokea.

"Vitabu vyetu vya ukoo vina wanaume vizazi kumi na saba," anasema. "Mwanamke humwoni. Mwaka juzi alikuja hapa bibi mmoja wa miaka themanini, ametoka Pahae na basi la asubuhi. Nikamwonyesha jina la mama yake. Alikuwa hajawahi kuliona limeandikwa mahali popote duniani. Akaomba aliguse, nikamwacha aliguse. Hilo ni kosa kubwa katika kazi yetu, waniandikie barua ya onyo wakitaka."

Mama mzazi wa Baba Tiur naye yumo, kurasa za mwishoni. Nilimuuliza kwa nini asianze na huyo. Akanitazama kama nimemtukana.

"Wote wana watoto wao," akasema. "Nikimpendelea wangu, mimi na shemeji yangu Gayus wa kamati tuna tofauti gani?"

Jua linatoka saa mbili na dakika ishirini. Baba Tiur anaandika harakaharaka, pua karibu na karatasi. Amefika jina la elfu moja mia saba, na zimebaki asubuhi tatu pamoja na hii. Ndipo mlango unafunguliwa na Gayus mwenyewe anaingia na tepu ya kupimia, fundo la kitambaa cha hariri shingoni. Ni mdogo wake Lamria, anauza vipuri vya malori kule Bekasi, karibu na Jakarta, na ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha za mnara. Baba Tiur anaweka kalamu chini na kusimama. Jua linaendelea kusogea.

"Shemeji! Bado uko na hao wasichana?" Gayus anacheka. "Kwa umri huu! Dada yangu anajua?"

"Karibu, shemeji. Kaa. Naomba nikwambie neno moja."

"Umeshaniambia mara nne."

"Haya madaftari tu. Haya saba ya penseli. Mengine yote chukueni. Mle ndani kuna unyevu, shemeji, ndani ya miaka mitano yatakuwa uji."

"Zinki ile! Nimeiagiza Medan. Sikiliza, shemeji, mali ya babu ilale na babu. Wale wenzetu wa ng'ambo ya mto walizika Biblia moja, wakajisifu mwaka mzima. Sisi tunazika maktaba! Watasema nini sasa?"

Anatandaza mezani, juu ya daftari lililo wazi, mchoro wa bamba la marumaru litakalobandikwa kwenye mnara. Wakati huohuo Lamria anaingia na chakula cha mumewe, wali na samaki wa pilipili. Kwa wiki mbili alikuwa upande wa mdogo wake. Kila usiku alikuwa akimuuliza mumewe, "Ulinioa mimi au ulimwoa babu?" Sasa anauinamia mchoro, anasoma na kidole kikifuata.

"Hawa ni akina nani?"

"Uzao wa babu, dada. Kwa herufi za dhahabu. Ishirini na saba."

"Mimi niko wapi?"

"Aa, na wewe! Wewe umeolewa. Uko kwa akina Simorangkir."

"Kwa akina Simorangkir nako hawaandiki wanawake."

"Basi ndiyo desturi, si mimi niliyeitunga."

Lamria anakunja mchoro taratibu na kumrudishia mkononi.

"Babu aliwaandika mabinti wa watu elfu mbili," anasema. "Nyinyi mmeshindwa kutuandika dada zenu watatu. Halafu hata aliowaandika yeye mnataka kuwamwagia saruji. Toka, Gayus, unaziba jua."

Gayus anacheka, anamtazama shemeji yake kama anayetafuta mwenzake wa kucheka naye, hampati. Anapima maboksi upesi, urefu na kina. Akiwa mlangoni anageuka.

"Ijumaa saa mbili kamili. Na usisahau, shemeji, sanduku unabeba wewe."

Ndivyo ilivyo. Kwenye shughuli za ukweni, mkwe ndiye mtumishi: anapika, anagawa nyama, anakoroga saruji. Atazibeba mwenyewe kurasa alizoziponya kwa miaka kumi na tisa, na atashika mwiko wa kuzifungia.

Namuuliza amepanga nini. Anasema nakala yake ataishona kitabu na kuiweka rafuni, na safari hii kutakuwa na hati. Aliyetoa: Jabangun Simorangkir. Aliyepokea: Jabangun Simorangkir. Sahihi mbili. Madaftari yenyewe atayafunga kwa kitambaa kikavu, mkaa pande zote na karafuu za kufukuza wadudu, yakae juu kabisa ya sanduku.

"Sisi hatujui kumwacha marehemu alale," anasema. "Siku moja wajukuu wa Gayus watapata hela, watasema mnara huu mfupi, watafukua tena. Nataka atakayefungua akute yanasomeka."

"Na wasipofukua?"

"Basi nitakuwa nimewazika wale wasichana kwa mikono yangu, na mchana huohuo nitawagawia watu nyama."

Jua limebaki ukingoni mwa meza, la dakika kumi labda. Lamria hajaondoka. Amevuta kiti, amelishika daftari kwa mikono miwili na analiinamisha huku na huku, macho yake mazuri kuliko ya mumewe. Chakula kinapoa, hakuna anayekitazama.

"Elfu moja mia saba na moja," anasoma. "Rugun. 'Anajua hesabu kuliko kaka yake.' Halafu kuna neno sioni... ngoja. 'Ametolewa.'"

"Rudia jina," anasema Baba Tiur, kalamu tayari.

"Rugun."