Nyundo ya Saa Tano Kasorobo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna fundi aliyemshinda kupinda upindo wa gauni. Mumewe alikuwa fundi viatu, wakamwita Fundi Soli. Vibanda vyao vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, na kwa miaka ishirini na sita waligombana kupitia ukuta huo. Safari hii mzee alimwambia mteja kwamba kiatu chake kitadumu kuliko gauni la mkewe. Utani tu, lakini mama akanuna, na sasa siku ya tatu hawasemezani. Chai anaandaa, anaibwaga mezani, anaondoka. Mbele za watu, lakini, walikuwa chanda na pete, maana Mama Pindo ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite.

Ndiyo maana alisema uongo hospitalini, mumewe amelala pale, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea kama si wake.

Hospitali yenyewe ndogo. Mashine ya kupiga picha za kichwa ipo, bingwa wa ubongo hayupo. Muuguzi akasukuma toroli lenye kioo cha simu ya video hadi miguuni pa kitanda, na kiooni akatokea daktari bingwa, mwanamke wa makamo aliyekuwa hospitali kubwa, mwendo wa siku nzima kwa basi. Picha alikuwa ameshaziona.

"Pole sana, mama. Ni kiharusi. Bonge la damu limeziba mshipa kichwani. Dawa ya kuliyeyusha ipo, lakini tangu alipopatwa yasizidi masaa manne na nusu. Yakizidi, dawa yenyewe inaweza kumuua. Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?"

"Asubuhi saa moja. Tulikunywa chai, tukaongea vizuri, tukacheka."

"Baada ya hapo hukumwona wala kumsikia?"

"Nilikuwa na kazi zangu, daktari."

Bingwa akatazama saa. Ilikuwa saa sita u nusu. "Basi muda umepita, mama," akasema taratibu. "Siwezi kumpa."

Mama Pindo akashika ukingo wa kitanda. Akamtazama mumewe, naye alikuwa anamtazama yeye kwa jicho lililojaa woga. Heshima gani hii, ya kumzika mtu?

"Daktari, nimekudanganya. Hatukucheka. Leo siku ya tatu tumenuniana. Lakini mimi nikinuna ndiyo namsikiliza zaidi. Nyundo yake nimeisikia mpaka saa tano kasorobo. Nilitazama saa kwa sababu mteja wa gauni alikuwa anakuja saa tano. Huwa anagonga mara nne, anageuza kiatu, anagonga tena. Halafu kimya. Nikasema moyoni, huyo, ametoka kuvuta sigara ili aniudhi. Mteja alipoondoka nikachungulia, nikamkuta ameegemea ukuta."

"Nyundo anaishika kwa mkono gani?"

"Huo huo uliolegea."

"Na mlio haukubadilika hata kidogo?"

"Ungebadilika ningejua. Nimeolewa na mlio huo."

Bingwa alikuwa ameshainama kuandika. "Dada, mpime uzito," akamwambia muuguzi. "Tunaanza sasa hivi."

Dawa ikaanza kuingia mshipani. Bingwa hakuondoka kiooni. Kila baada ya robo saa alimwomba mzee anyanyue mkono, na mara mbili mkono haukunyanyuka. Mama Pindo aliushika mguu wa mumewe juu ya shuka, akiuminya, akimwomba Mungu na kumgombeza mume kwa pumzi moja. Alimpenda mtu huyu, na alikuwa hajamwambia juzi, jana, wala mwaka jana. Mara ya tatu vidole vikatikisika, kisha mkono ukapanda, ukitetemeka, hadi usawa wa kifua.

"Vizuri sana, mzee. Sasa niambie, huyu aliyekaa hapo ni nani wako?"

Fundi Soli akamtazama mkewe. Ulimi ukahangaika mdomoni.

"Mgo... mgomvi wangu."

Muuguzi akashtuka. Bingwa naye akasogea karibu na kioo, uso umejaa wasiwasi. "Mama, maneno yanamchanganya, au ndivyo alivyokusudia?"

Mama Pindo alikuwa anacheka huku machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Hajachanganyikiwa, daktari," akasema. "Andika hivyo hivyo."