Zamu ya Mama kwenye Mwethya

Mama hakuwahi kuvuta sigara hata ya mzaha. Kwa hiyo daktari wa Nairobi aliposema uvimbe wa pafu lake ni saratani, nilimkasirikia yeye, kana kwamba ndiye aliyeuweka. Huku kijijini kwetu Muthetheni mama alikuwa amemezeshwa dawa za kifua kikuu kwa miezi. Miaka hiyo kila kikohozi kwetu kilikuwa kifua kikuu.

Daktari alieleza polepole. Kulikuwa na vidonge vipya, ila havimfai kila mtu. Kinyama walichokitoa kwenye pafu kingepelekwa ng'ambo kupimwa protini fulani. Uvimbe ukiwa nayo kwa wingi, huenda vidonge vingeukamata, mama aishi zaidi. Usipokuwa nayo, ni kumsumbua bure. Nikarudi nyumbani kuombea protini. Sikujua inafanana vipi, lakini niliiombea kama watu wanavyoombea mvua.

Jibu lilikuja kwa simu ya dada yangu: hakuna. Baba akaamua mama asiambiwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Kila asubuhi mama aliuliza, "Hao watu wa kupima wamesema?" Baba akajibu, "Bado. Huko ni mbali." Mimi nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Hasira ndiyo kazi pekee niliyoiweza.

Kwetu akina mama husaidiana kwa mwethya: kundi zima linachimba matuta kwenye shamba la huyu leo, juma lijalo la yule, na zamu haichezewi hata ukiwa mke wa chifu. Zamu ya mama ilikuwa ya mwisho kabisa, baada ya mavuno. Lakini dada yangu, akitafuta maombi, alimnong'oneza mwenyekiti wao siri yetu. Asubuhi moja tukasikia nyimbo. Wote walikuwa shambani kwetu na majembe yao.

Walikuja kwa upendo, nami nilitamani kuwafukuza kwa mawe. Mama alitoka, akashika mwimo wa mlango, akawasalimia mmoja mmoja. Kisha akamgeukia baba.

"Zamu yangu bado."

"Wanakusaidia tu. Si uko mgonjwa?"

"Hata mwezi uliopita nilikuwa mgonjwa, na hakuna mtu alirukwa." Akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Sisi tunaruka zamu tu kama mwenye shamba hatafika yake. Tulifanyia mama wa pale ng'ambo ya mto hivyo. Mimi mwenyewe ndio nilisema tuende mapema."

Baba alifungua mdomo aseme tena kwamba majibu bado. Hayakutoka maneno, yalitoka machozi. Mama akamshika mkono, mgonjwa akimbembeleza mzima, akaniambia niweke chai ya watu wengi.