Jino la Kusomea

Jino langu la mbele, la juu, lilivunjika asubuhi moja ya mvua, uani kwetu, mtaa wa Jabe. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji, mguu ukateleza kwenye sementi, nikaangukia ukingo wa ndoo kwa mdomo. Kesho yake hospitalini waling'oa kipande kilichobaki. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa nimeimaliza nikifundisha watoto kusoma aya katika chuo cha msikiti wa mtaani.

Watu hudhani pengo ni aibu ya uso. Langu lilinila herufi. Thaa, ile herufi ya Kiarabu, inataka ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno ya juu. Ulimi wangu ulikuta uwazi ukapita moja kwa moja. Siin nayo, herufi ya sauti ya s, ilipiga mluzi. Watoto walicheka siku mbili, kisha wakafanya jambo baya kuliko kucheka: wakaanza kuniiga, kwa adabu kabisa, wakidhani ndivyo inavyosomwa.

Mzee wa kamati ya chuo akaja nyumbani. Alizunguka maneno mpaka akafika.

"Dada, umetumika sana. Sasa pumuzika. Darasa tutamupa kijana mumoja, ana sauti nzuri."

"Mi sikusema nimechoka."

"Lakini jino, dada. Hiyo ni kazi ya Mungu."

"Na hiyo miwani yako, mzee, ni kazi ya nani?"

Aliondoka, chai yake akaiacha kikombeni.

Fizi ilipopona, nilikwenda mjini kwa daktari wa meno, kijana mwenye msalaba mdogo shingoni. Aliniangalia akasema, "Mama, kwa umri wako jino la kutoa linatosha. Usiku unaliweka mu glasi ya maji."

"Apana. Mi siwezi kulaza herufi zangu mu glasi."

Ndipo akanieleza habari ya daraja. Meno mawili ya jirani yanachongwa, yanavikwa kofia, na jino jipya linashikwa katikati yao. Halitoki. "Lakini hayo mawili ni mazima, Mama. Yakishachongwa, basi."

Hapo niliogopa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, ambaye ni fundi wa magari. Alinishika kidevu akachungulia kinywani kama anavyochungulia injini. "Ni meno yako," akasema. "We ndiye unayasomea."

Wiki iliyofuata nilirudi nikafumbua kinywa. Sindano ilinitia ganzi, lakini kelele ya mashine ilipita ndani ya fuvu, na harufu ilikuwa ya mfupa unaoungua. Nililia. Si kwa maumivu. Niliyaonea uchungu meno ambayo hayakuwahi kunikosea.

Jino lilipokuwa tayari, daktari alilijaribisha kwanza, akanipa kioo. "Iko muzuri sana!"

Lilikuwa zuri kweli. Nikajaribu neno moja lenye thaa, *thumma*. Likatoka *summa*.

"Usiligandishe," nikamwambia. "Ni nene huku nyuma."

"Mama, hakuna mutu ataona."

"Mi sikuja kuonekana. Nilikuja kusoma."

Akapumua kwa nguvu, akalitoa, akalisugua kidogo nyuma. Nikasoma. Bado. Akasugua tena. Waliokuwa wakingoja nje lazima walidhani kuna maombi ndani. Mara ya tano thaa ilitoka nyembamba na laini, na yule daktari, asiyejua hata alif, akainua kichwa. "Iyo ndiyo yenyewe!"

Akaligandisha.

Siku niliyorudi darasani, mzee wa kamati alikuja na yule kijana aliyetaka kumpa darasa, wakakaa nyuma kunisikiliza. Nikasoma, watoto wakaitikia. Nilipomaliza nikasema, "Mzee, na wewe tusomee."

Akaanza, na thaa yake ikatoka siin, kama ilivyotoka miaka yote bila mtu kuthubutu kumwambia.

"Rudia."

Akarudia.

"Ulimi mbele, mzee. Rudia."

Mara ya tatu akaipata. Akasimama, akatengeneza kofia, akatoka bila kuaga. Kuhusu mapumziko yangu, hakuna aliyeuliza tena.

Darasa ni langu hadi leo. Maji ya baridi huniuma kwenye yale meno mawili, na daktari anasema huenda ikawa hivyo siku zote. Nayanywa hivyohivyo.