Kidole cha Kuazima

Kitambulisho changu cha kwanza kilikuwa na alama ya dole gumba yenye mistari iliyojipinda vizuri, kama ya mtu mwingine yeyote. Nilichochukua miaka mingi baadaye, cha kwanza kilipopotea, kina doa jeusi tu. Katikati ya vitambulisho hivyo viwili kuna kiwanda kimoja cha sharubati huko Industrial Area, na mapipa ya kostiki, ile dawa kali ya kuoshea chupa za glasi zinazorudi kutoka madukani. Glavu tulipewa, sikatai. Zilikuwa zinatoboka kabla ya saa nne asubuhi, na za kubadilisha zilifungiwa kwenye kabati la mtu ambaye hakuwahi kuwa karibu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza nilijulia wapi mambo ya kompyuta. Niliyajulia langoni. Na kwa vile yaliyonipata yana wenyewe, nitawataja wenyewe kwa vyeo vyao: injinia wa kampuni ya programu, madam wa ofisi ya wafanyakazi, na meneja mkuu. Majina yao nimewaachia mama zao waliowapa.

Zamani tuliingia kazini kwa daftari. Karani alikuwa anakutazama usoni kisha anaandika. Alikuwa mlevi yule, lakini hata akiwa amelewa chakari hakuwahi kuniambia kwamba sipo. Siku moja daftari likaondolewa, na mahali pake ukutani ikafungwa mashine nyeusi ndogo yenye kioo cha kuwekea kidole. Ikikutambua inawaka kijani na kuimba. Isipokutambua inawaka nyekundu na kutoa mlio mfupi, kama mtu anayekufyonya.

Injinia alikuja kutusajili saa ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na mkoba wa kompyuta, na tulimwita injinia kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Watu wa kupakia walipita, wa kufunga katoni wakapita. Tulipofika sisi wanawake tisa wa kuosha, taa nyekundu. Akanipangusa kidole kwa leso, nyekundu. Akakipangusa kwa spiriti, nyekundu. Tukajaribu vyote kumi.

"Mathe, hivi vidole umevipeleka wapi?"

"Viko kwenye chupa unazonywea."

Watu walicheka, yeye akatazama saa. Kumbe alikuwa anatakiwa kwenye kiwanda kingine alasiri hiyo hiyo. Akaniuliza kama nina rafiki humo ndani. Ninaye, tunakaa ploti moja Kariobangi, naye hufunga katoni, kazi kavu, vidole vyake vizima. Injinia akamwambia, "Weka dole gumba lako la kushoto kwa jina la huyu. Mradi iimbe."

"Sasa mimi ni yeye?" rafiki yangu akauliza.

"Kidole tu."

Ndivyo tulivyosajiliwa wote tisa. Mmoja alipewa kidole cha wifi yake, mwingine cha mpishi wa kantini. Nani kati yetu angejua kuna ubaya? Ni mtu wa kampuni aliyesema. Na huku kwetu mtu kukufanyia jambo kwa jina lako si ajabu. Jirani anakupokelea maji, anakusajilia laini ya simu, anakuitikia jina kwenye mkutano wa ploti. Kidole tulikichukulia vivyo hivyo.

Kwa zaidi ya mwaka mzima mimi na rafiki yangu tuliingia kazini kama pacha. Yeye aliweka kidole chake cha kulia kwa ajili yake, halafu dole la kushoto kwa ajili yangu. Akiumwa na kichwa, mimi ndiye niliyekimbia kumtafutia dawa kabla mume wake hajasikia. Sikuwa na njia. Alikuwa ndiye lango langu.

Hapa naomba niseme neno langu kuhusu usalama, hata kama sijaulizwa. Namba ya siri ya simu ukiibiwa unaibadilisha. Kidole kikiibiwa utakibadilisha na nini? Tena namba ya siri ya ile mashine, ya kuingiza na kutoa watu, ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini yake kwa selotepu, ili injinia asipigiwe simu kila mara. Walinzi wote waliijua. Nilipomuuliza injinia vidole vyetu vinakaa wapi, aliinua mkono akasema viko kwenye klaudi, juu huko. Nikamuuliza klaudi ya nani. Akasema, "Mathe, wewe osha chupa."

Basi mwaka huo ndipo orodha ilipotoka. Nilikuwa kibarua pale miaka kumi na moja. Unafanya miezi mitatu, unaambiwa umemaliza, unarudi Jumatatu kama mgeni. Mwakilishi wetu wa wafanyakazi alikuwa amepigana sana, na mwishowe wakakubali kuwaandika vibarua wa zamani kazi ya kudumu. Sharti lilikuwa moja: usiwe umekatika kwenye mfumo wa ile mashine. Jina langu lilikuwepo. Kuandikwa maana yake ni kwamba unaweza kuugua na bado ukarudi ukakuta kazi yako. Nilikuwa nimesubiri hiyo karatasi kuliko nilivyowahi kumsubiri mwanamume.

Wiki hiyo hiyo babake rafiki yangu akafariki. Akachukua likizo ya msiba, akasafiri kwenda kwao magharibi kumzika. Aliniachia funguo za nyumba na sufuria ya maharagwe yaliyochemshwa. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kidole.

Nilikikumbuka nikiwa mbele ya mashine. Nikajaribu changu, nyekundu. Mlinzi akanipungia mkono. "Ingia tu mathe, ni mtandao. Itarekebishwa." Nikaingia, nikaosha. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kumpigia simu sikuweza. Mtu analia matangani, nimwambie nini, rudi na kidole?

Siku ya nne mlinzi hakunipungia mkono. Alinionyesha njia ya ofisini.

Madam alikuwa amegeuza kompyuta ili nione jina langu lenye mstari mwekundu. "Mama, hukuja kazini siku tatu."

"Nilikuja. Jana tulikutana kwenye ngazi, ukaniomba chupa mbili za kuwekea asali."

"Nakumbuka. Lakini mfumo unasema hukuwepo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ninafuata mfumo."

Aliyasema bila ubaya, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Akanieleza kwamba nimekatika, nimetoka kwenye orodha, na nikitaka naweza kuanza upya Jumatatu kama kibarua mpya. Nikamwambia miaka kumi na moja. Akaniambia mfumo haujui miaka, unajua mfululizo.

Ndipo nikamweleza habari ya kidole, yote, nikidhani ukweli utanisaidia. Akampigia injinia simu na kuiweka mezani ili nami nisikie. Sauti ikatoka bila aibu yoyote: "Hilo ni kosa kubwa la usalama. Huyo mama ametumia utambulisho wa mtu mwingine. Waondolewe wote wawili."

Wote wawili. Mwenzangu alikuwa bado hajamfukia babake. Nikaambiwa nilete barua ya kujitetea, tusikilizwe Jumatatu.

Nilienda kuchapiwa barua kwa mama mmoja mwenye saiba, kiduka cha kompyuta na intaneti, karibu na soko la Kariobangi, mtu wa makamo kama mimi, anachapa huku anakula njugu. Nikamsimulia, akaacha kuchapa. "Mashine yenyewe inaitwaje?" Nikamtajia. Akatafuta tovuti ya kampuni hiyo akaanza kusoma Kiingereza chao kimya kimya, halafu akaguna.

"Njoo nikusomee wanapojisifu. Wanamwambia tajiri hivi: usikubali kibarua afikishe muda wa kuandikwa bila wewe kujua. Mfumo utakuonya mapema, na kila pengo la siku tatu utalihesabu kuwa mwanzo mpya, wenyewe, bila karani kugusa chochote."

"Rudia."

Akarudia. Mpaka siku hiyo nilikuwa naiona ile mashine kama kitu kijinga, kipofu kinachobahatisha. Kumbe haikuwa imekosea popote. Ilikuwa inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Hawa wenye kampuni za programu wanapenda tuwaone kama watu wa ajabu wanaocheza na umeme, na wakituumiza tunaambiwa ni mtandao. Kuna mtu alikaa mahali, akanywa chai yake, akaandika kwamba siku tatu zitoshe kufuta miaka. Nikamwambia anichapishie ukurasa huo, nakala mbili.

"Na kitu kingine," akasema mama wa saiba. "Mashine kama hizi huandika ni nani alisajili kila kidole, na saa ngapi. Hawatakuonyesha wenyewe. Wadai."

Rafiki yangu alirudi Jumapili, amenyolewa kichwa kwa ajili ya msiba. Nilimpa uji kwanza, kisha nikamweleza. "Mimi nimetoka kumfukia baba," akasema. "Sitafukuzwa na dole gumba."

Jumatatu tulipoitwa ofisini, wale wenzangu wanane wa kuosha walivua aproni, wakatufuata. Sikuwaita. Vidole vyao navyo vilikuwa vya watu, na walijua zamu yao inakuja. Chupa safi zikaisha, mashine ya kujaza ikanyamaza, na kiwanda kikinyamaza meneja mkuu hushuka ngazi mwenyewe. Akatukuta tumejaa kwenye mlango wa madam, injinia amekaa ndani na mkoba wake mapajani, mwakilishi wetu amesimama dirishani.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna kesi, mkubwa," nikasema. "Lakini shahidi yuko langoni. Twende."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia mtu yule twende. Alikuja. Tulisimama mbele ya mashine, nikaweka kidole changu, nyekundu. Akafuata wa pili, nyekundu. Tisa tukapita, taa nyekundu mara tisa, na watu wa kupakia wameacha makreti wanatazama.

"Mkubwa, kwa mashine hii idara ya kuosha haina mtu hata mmoja. Chupa zako zimeoshwa na nani mwaka mzima?"

Alimtazama injinia. Kutoka nyuma mpakiaji mmoja akasema polepole, "Labda ni klaudi." Nimecheka mara nyingi maishani, lakini hicho ndicho kicheko ninachokumbuka.

Nikasema sasa ninaomba tuonyeshwe nani alisajili vidole vyetu. Injinia akajibu kwamba hiyo ni ripoti ya ndani.

"Nimeilipia," meneja akasema. "Itoe."

Ikatoka. Majina tisa, na mbele ya kila jina, kama msajili, jina la injinia mwenyewe. Wa kwanza na wa mwisho walikuwa wamepishana dakika ambazo hazitoshi kumaliza kikombe cha chai. Rafiki yangu akaichukua ile karatasi, akamwinulia injinia dole lake la kushoto karibu na pua. "Hili hapa. Uliniambia mradi iimbe. Si iliimba?" Injinia alisema alikuwa na presha ya kazi. Ni neno pekee la kweli alilotamka siku hiyo.

Nikatoa ukurasa wa tovuti, nikampa mwakilishi ausome. Meneja alisema haina haja. Nikasema ina haja. Ukasomwa kwa sauti pale langoni, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, mbele ya watu wa katoni, wa kupakia na walinzi. Watu walimgeukia tu meneja mkuu, na yeye akawa anatazama viatu vyake. Aliponunua mashine alijua alichonunua. Nasema hivyo kwa sababu hakuonekana kushangaa.

Mwakilishi akamwambia chupa zitaanza kuoshwa hesabu ya siku tatu ikizimwa na orodha ikirudi ilivyokuwa. Kabla ya saa ya chakula vyote viwili vilikuwa vimefanywa. Kumbe kuzima ni kubonyeza mahali pamoja. Injinia aliondoka na mkoba wake bila kutuaga, na sisi tisa tukarudishiwa daftari. Kampuni ya programu ilileta barua ya kusikitikia usumbufu na kuahidi kwamba vidole vilivyoazimwa vimefutwa. Mwakilishi aliuliza kama tunaweza kuonyeshwa vilivyofutwa. Hawajajibu, na mimi siamini kwamba vimefutwa. Mtu aliyekuwa mwepesi kunifuta mimi mzima sioni kwa nini awe mzito kusema uongo kuhusu kidole.

Ijumaa madam aliniita. Karatasi ya kazi ya kudumu ilikuwa mezani, ina jina langu, na kando yake kibweta cha wino. Alikuwa ameshakifungua kwa ajili yangu. "Weka dole hapa, mama."

Nilimwonyesha dole lenyewe, laini kama kijiko. "Leta kalamu."

Akaleta. Niliandika taratibu, herufi moja moja, kama nilivyofundishwa kabla sijatolewa darasani, na yeye akasubiri. Majina yangu matatu hayakutosha kwenye mstari wao. La mwisho likapanda juu ya muhuri wa kampuni.

"Umepitisha mstari," akasema.

"Si bado linasomeka?"

Akayasoma majina yangu, yote matatu, kwa sauti. Kisha akanipa nakala yangu.