Maji ya Vita kwa Jicho la Mama

Siku moja bado naikumbuka, mwanangu, ingawa nimechoka kuikumbuka. Ilikuwa baada ya vita vya Maji Maji. Wajerumani walikuwa wamechoma maghala yetu hapa Songea, tumebaki na kishamba kimoja cha ulezi. Mama akaingia kupalilia. Aling'oa ulezi, akaacha magugu. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda ukungu mweupe katika macho yake yote mawili.

Mimi nilikuwa kijana wa sokoni, mjuzi wa kupatana bei. Nikasikia mganga mmoja wa kule Mshangano amebakiza kibuyu cha maji ya vita. Alitaka kuku wawili. Nikamkaba hadi mmoja, nikarudi nacheka. Maji yaliyoshindwa kuzuia risasi, nikayanunua yazuie upofu! Mganga alikuwa ameyachanganya na utomvu wa majani. "Mtoto huyu anafukuzwa kwa ukali," alisema.

Nikamtia mama maji hayo katika jicho la kulia. Alilia siku tatu. Jicho likavimba, likatoka usaha, likafa.

Ndipo nikamwongoza hadi kwa daktari wa boma. Nikamsimulia mkalimani, Myao mzee wa Tunduru, yote, hata habari ya kuku.

"Umewahi kuchemsha yai?" akaniuliza.

"Mara nyingi, babu."

"Ute ukishakuwa mweupe, ukiuosha unarudi maji?"

"Haurudi."

"Basi ndani ya jicho mna kioo kidogo, nacho kimepauka vivyo hivyo. Kiko ndani, mjanja wewe. Ulikuwa unaosha ganda."

Nikaomba daktari atengeneze yote mawili. Mzee hakutafsiri hata neno.

"La kulia umeshaliuza kwa kuku mmoja."

Daktari alilitia la kushoto dawa ya ganzi, akalipasua kidogo, akakitoa kile kilichopauka. Mama akalala chali siku kadhaa, amefungwa kitambaa, kisha akapewa miwani mizito. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mimi.

"Umekonda," akasema.

Habari ya lile jicho jingine hakuitaja hadi anakufa. Afadhali angenigombeza.

Sasa sikia, mwanangu. Ukimwona mzee wako anapapasa mlango mchana kweupe, usimtie maziwa, wala majani, wala maji ya mtu yeyote. Mtoto wa jicho hafukuzwi. Anatolewa kwa kisu cha daktari. Mpeleke mapema, na siku hiyo ujanja wako uache nyumbani.

Mungu akutunzie macho ya wote uwapendao. Ukiyahesabu mara ya pili, yawe bado mawili mawili.