Sikio la Kushoto la Bi Spika

Wifi yangu, dada wa mume wangu, amesimama kwenye mashine ya randa miaka kumi na tisa. Kiwanda chao kinatengeneza milango. Mbao zinaingia upande mmoja zikiwa na vinyweleo na miiba, zinatoka upande wa pili laini kama shavu la mtoto, na anayezisukuma ni yeye, mguu mmoja mbele, bega la kushoto limeelekea visu. Pale kazini wanamwita Bi Spika, kwa sababu mbili. Kwanza, hajawahi kuonekana bila kispika mfukoni mwa aproni. Pili, sauti yake. Akikusalimia wewe, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Nyumbani tulimtania sana kwa hilo, mimi nikiwa kinara, na sasa linaniuma.

Kwa muziki, huyu mtu si mzima. Alianza na redio ya kaseti, ikafa mota. Akaja na ile ya memori kadi, ikawa inakoroma kwenye besi. Akapanda hadi kispika cha duara cha kuchaji, kisha kingine kikubwa kidogo, na kila akipanda, kile cha zamani ananirithisha mimi, ndiyo maana jikoni kwangu kuna spika tatu na hakuna hata moja yenye chaja. Chumba chake cha uani kina kitanda, meza, stuli na nyimbo elfu nne za bendi za zamani.

Wengine husikiliza wimbo; yeye anaufumua kama sweta. “Wifi, achana na sufuria kidogo,” ataniambia. “Lisikilize gitaa la pili. Hili la kwanza linajisifu tu, lakini la pili ndilo linalobeba mzigo.” Mimi naitikia, “Nimelisikia,” wala sijasikia kitu. Kwangu muziki ni muziki, ukichezeka nacheza.

Mwaka jana akaamua kupanda ngazi kubwa. Alitaka pleya ya maana, ile ya chuma yenye kitufe cha kuzungusha, na hedifoni za kufunika masikio. Za kuchomeka ndani ya sikio hakuwahi kuzitaka, alisema zinalia kama nzi kwenye kopo. Karibu mwaka mzima alikuwa akipita dukani, anauliza, anapima uzito mkononi, anarudisha kabatini. Muuzaji, kijana mmoja mpole mwenye miwani, akawa akimwona kwa mbali anaanza kucheka. Hatimaye, Jumamosi moja mchana, wifi akarudi na boksi kifuani kana kwamba amebeba kichanga.

Tulikaa chumbani kwake. Alifuta mikono mara mbili kabla ya kufungua. Akavaa zile hedifoni, akatafuta wimbo anaoupenda kuliko yote, akafumba macho. Nikamtazama, nikingoja kumwona mtu akifurahi.

Uso ukaanza kujikunja taratibu. Akafumbua jicho moja. Akaongeza sauti. Akazungusha tena, hadi nikausikia wimbo kutoka nilipokaa.

“Gitaa la pili liko wapi?” akaniuliza kwa ukelele.

“Mimi nitajuaje, wifi?”

“Limeondolewa! Liko mbali, kama mtu anakwaruza ukuta wa nyumba nyingine. Hebu vaa.”

Nikavaa. Nikasikia muziki, mwingi na mtamu. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kwa huruma, akazirudisha kwenye boksi, akachukua mtandio wake. “Twende. Yule kijana amenipiga.”

Dukani alikuja juu kama mbogo. Watu waliokuwa wakichagua chaja wakasogea ukutani. Aliweka boksi mezani, akasema ameuziwa hedifoni zilizokufa upande mmoja, kwamba yeye si mjinga, kwamba huu wimbo ameusikiliza tangu hajaota jino la mwisho na hakuna wa kumdanganya kilichomo ndani yake. Kijana hakubishana. Alizivaa, akasikiliza wimbo wote kwa utulivu, akazivua.

“Mama, ninazisikia pande zote mbili.”

“Basi na wewe huna masikio!”

Kijana akafikiri kidogo. Akasema, “Ngoja,” akazigeuza, ya kulia akaiweka kushoto, ya kushoto akaiweka kulia, akamvalisha wifi yangu kwa heshima, akauanza wimbo upya.

Jamani, alivyotabasamu! “Hilo hapo!” akapiga meza. “Ndilo hilo! Sasa umezitengeneza.”

“Sijatengeneza kitu, mama. Nimezigeuza tu.”

“Nini?”

“Nimezigeuza.”

Tabasamu likaganda. Maana gitaa la pili lilikuwa limerudi, lakini sasa la kwanza, lile la kujisifu, ndilo lililokwenda nyumba ya jirani. Akazivua. Akazigeuza mwenyewe, akavaa. Akazigeuza tena. Mara tano, sita. Kijana akaeleza kwa sauti ya chini kwamba spika zake zote za zamani zilikuwa na mdomo mmoja, kwa hiyo kila kitu kilitokea pamoja na sikio moja lilitosha kukipokea. Hedifoni zinagawa: hiki kushoto, hiki kulia.

“Kwa hiyo zilizokufa si hizi,” wifi akasema.

Kijana akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha kwenye boksi.

Njiani nilikuwa nikiunganisha mambo kichwani, moja moja, na kila moja likinichoma. Simu siku zote kwenye sikio la kulia. Mezani lazima akae pembeni, upande wa kushoto kabisa, na sisi tukisema anajitenga. Siku nilipolia karibu naye kwa msiba wa mama yangu, nikamwambia maneno mazito, naye hakunijibu. Nilimwekea kinyongo miezi miwili. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake.

Daktari wa masikio alimfungia kwenye kijichumba kidogo, akampigia filimbi nyembamba na nene kupitia mashine, akachora mistari. Kisha akamuuliza anafanya kazi gani, anasimamaje, muda gani kwa siku. Wifi akasimama katikati ya chumba akaonyesha: mguu mbele, bega la kushoto kwenye visu.

“Hili la kushoto limeliwa na kelele,” daktari akasema. “Halirudi. La kulia nalo limeanza. Hamvai vizuia kelele?”

“Vipo.”

“Sasa?”

“Vipo ofisini kwa meneja. Vimetundikwa kwenye misumari, jozi nne, vyekundu. Ni vya wageni. Wakija kutembelea kiwanda wanavalishwa, dakika kumi, wasije wakaumia masikio.”

Daktari aliweka kalamu chini. Halafu akaichukua akaandika barua, na nakuambia, aliandika akiikandamiza hadi karatasi ya chini yake ikachorwa.

Sasa sikiliza alichofanya meneja. Nimehadithiwa na wifi mwenyewe na karani aliyekuwepo, na maneno yao hayakutofautiana. Alisoma barua, akaikunja, akaegemea kiti.

“Wewe si ndiye mwenye hedifoni kubwa? Nimesikia hata umezinunua za gharama.”

“Ndiyo, bosi.”

“Basi umejibu mwenyewe. Mtu anajijazia muziki masikioni usiku na mchana, halafu anakuja kukilaumu kiwanda.”

“Bosi, nina siku tisa nazo.”

“Na kile kispika cha mfukoni?”

“Kispika hiki?” Akakitoa, akakiweka mezani. “Kiwashe hadi mwisho, kisha usimame karibu na randa yangu. Ukikisikia, nafukuzwa leo.”

Meneja hakukiwasha. Kesho yake wifi akapewa barua ya onyo: kusikiliza muziki sehemu ya kazi na kuhatarisha afya yake kwa uzembe. Uzembe! Mwanamke aliyewasukumia mbao miaka kumi na tisa bila kukosa hata siku ya mafua. Mume wangu ni mtu mpole, hajui hata kumfokea paka, lakini siku ile aliisoma barua akasimama, akakaa, akasimama, akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Wifi hakupasua kuni. Asubuhi iliyofuata alifika mapema, akaingia ofisini wakati karani anafagia, akatungua jozi moja ya vile vyekundu, akavaa, akaenda kwenye mashine yake, akaanza kazi.

Msimamizi alikuja kumgusa bega, akamwonyesha kwa ishara avivue. Akatikisa kichwa. Msimamizi akaenda, akarudi na meneja. Meneja akafungua mdomo, akaongea sana, na wifi anasema hiyo ndiyo raha pekee aliyoipata katika jambo hili lote, kumwona akichezesha midomo bila sauti. Mwishowe meneja akanyoosha mkono avitungue mwenyewe kichwani pake. Wifi akarudi nyuma hatua moja, akabonyeza kitufe chekundu. Randa ikalala.

Akavua, akasema kwa sauti ile yake, “Mashine yangu imezimwa. Nitaiwasha nikiwa nimefunika masikio, au aje mgeni aniwashie.”

Mama wa msasa akazima mashine yake. Wa kutoboa vitasa naye akazima. Ukimya ukatanda, isipokuwa msumeno mkubwa mwisho wa banda, ambao uliendelea kupasua mbao. Mzee wa msumeno alikuwa amewapa mgongo. Wakamwita. Akaendelea. Kuna waliosema palepale kwamba mzee ameogopa, anajipendekeza, amebakiza miaka michache ya kustaafu. Mama wa msasa akaenda akamzunguka hadi mbele ya macho yake, akamwonyesha kwa mikono. Mzee akageuka, akaona watu wote wamesimama wanamtazama, akazima haraka.

“Kuna nini? Umeme umekatika?” akauliza.

Hakuwa mwoga. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa na miaka thelathini kwenye msumeno ule, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejua, kwa sababu mahali ambapo kila mtu anapiga kelele, kiziwi anafanana na wengine wote.

Wifi anasema hapo ndipo hasira yake ilipobadilika. Hadi dakika ile alikuwa anakasirika kwa ajili ya gitaa lake.

Kazi ilisimama hadi mchana. Meneja akaahidi, na baada ya wiki tatu vikaja vizuia kelele kwa wote, vya bei ya chini, vinabana kichwa kama koleo. Wanavivaa. Lakini barua ya onyo haikufutwa, na kuhusu sikio, ofisi ilijibu kwa mstari mmoja kwamba hakuna ushahidi kuwa madhara yametokana na kazi.

“Wanataka ushahidi,” wifi akaniambia. Alikuwa amekaa kitandani, pleya mapajani. Yule kijana wa dukani alikuwa amempigia simu, akamwelekeza mahali ndani ya pleya pa kuchanganya pande mbili ziwe moja, ili wimbo wote uingie sikio la kulia. Wifi alijaribu, akashukuru, kisha akaupangua tena mpangilio ule, pande zikaachana kama zilivyokuwa.

Wiki ile yote, saa ya mapumziko ya mchana, aliketi kwenye rundo la mbao nje ya banda na hedifoni zake. Alimkalisha mwenzake mmoja mmoja, akampigia wimbo uleule kwa sauti ileile. “Magitaa mangapi?” Anageuza. “Na sasa?” Waliosikia mawili pande zote aliwaacha waende wakale. Waliopoteza moja aliwaandika kwa penseli ya seremala juu ya kipande cha mbao nyembamba: mtu, mashine yake, miaka yake kazini, sikio lipi. Kati ya watu kumi na wawili, saba waliingia kwenye ule ubao, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mzee wa msumeno alisikiliza wimbo wote hadi mwisho, akauliza kama umeanza.

Tulienda pamoja kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia wafanyakazi. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye rundo la mafaili mbele yake. Aliutazama ubao, akasema malalamiko hayapokelewi kwenye mbao, yanapokelewa kwenye karatasi, tena yakiwa na vyeti vya daktari.

“Cheti changu hiki hapa,” wifi akasema. “Hao sita watapata vyao. Umeshawahi kwenda pale kiwandani?”

“Tulikwenda mwaka juzi. Ukaguzi. Kila kitu kilikuwa sawa.”

“Ulivaa vile vyekundu?”

Afisa akavuta karatasi tupu, akachomoa kalamu. “Nisomee,” akasema.

Wifi akamsomea, jina kwa jina, mashine kwa mashine. Faili lilifunguliwa siku ile, lina namba. Miezi mitano sasa tunalifuatilia, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunaambiwa linashughulikiwa. Jumatatu ijayo tunakwenda sote, wao saba na mimi wa nane.